Mimi na Wenzangu Watano

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kapata.

Naanza kuandika leo kwa sababu siku moja watu watataka kujua Mulumba Ngoyi Tharcisse alifanikiwa namna gani. Bora wasome kwangu kuliko kusikia kwa Rémy Kitenge.

Jana tulikula Musonoi kwa baba mkwe. Tata Barnabé amestaafu mgodini, anarudi kwao Musumba, kule Kapanga, kulima. Kamyo imepatikana. Inaondoka Jumamosi tarehe 27, kabla mvua hazijakata barabara. Akanawa mikono, akakohoa, akasema mbele ya wote: kama siku hiyo mi sina badji ya kampuni shingoni, Odile bibi yangu na Tatiana mtoto wetu watapanda kamyo pamoja naye. Kule shamba haliombi diploma, alisema. Walicheka wote. Mi sikucheka.

Nikamtazama Odile, nikingoja akatae. Odile alikuwa anamtolea Tatiana miiba ya samaki. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliendelea na miiba.

Hilo ndilo linalonikaa tumboni. Angesema ndiyo, tungegombana, yangekwisha. Sasa nimelala na mtu ambaye sijui amefunga mzigo wake moyoni au bado.

Tangu mwezi wa sita sina kazi. Nilikuwa pointeur kwa bwana mmoja mwenye kandarasi ndogo mgodini, mtu wa kuandika nani ameingia zamu na nani amekosa. Kandarasi yake ilikwisha, nasi tukaisha nayo. Lakini mi ni mhasibu! Nimesoma! Diploma iko ukutani ndani ya kioo. Tatiana anadhani ni picha ya babu.

Sasa habari. Kampuni ile ya ukuta wa buluu inatafuta wahasibu wasaidizi wawili. Tangazo nimeliona kwenye simu ya Rémy, jirani yetu wa mlango wa pili, alipoinama kufunga kamba za kiatu. Aliificha simu haraka. Amechelewa, macho yangu ni mazuri.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeenda kwa Jessica, mwenye kibanda cha kuchapa na fotokopi karibu na soko. CV yangu ni kazi ya sanaa. Kadre ya maua pande zote nne. Picha yangu na kravati. Majina matatu kwa rangi nyekundu: jina la ukoo, jina la nyuma, jina la ubatizo. Mkoa wa asili, territoire, secteur, mpaka kijiji cha babu kule Kasai ambacho sijawahi kukiona. Ameoa, baba wa mtoto mmoja. Na chini kabisa kile kiapo chetu ambacho kila CV ya hapa inamalizia: kwa heshima yangu naapa kwamba yote yaliyoandikwa humu ni ya kweli na ya haki.

Jessica akaituma kwa intaneti. Nikaagiza maji ya baridi ili kusherehekea. Sijafungua kifuniko, jibu likaingia: tunasikitika.

Nikawaka. Nilimwambia hakuna mtu duniani anayeweza kusoma maisha yangu kwa haraka hivyo. Jessica alijibu kwamba ndiyo, hakuna mtu aliyesoma. Kumbe watu ni maelfu wanaoomba, na kampuni imeweka mashine mlangoni. Roboti. Inatafuta ndani ya CV maneno yale yale yaliyo kwenye tangazo. Ikiyakosa, CV inakufa palepale, na hakuna binadamu anayejua kwamba uliwahi kuzaliwa. Tena roboti haisomi vitu vilivyofungiwa ndani ya kadre. Inaona karatasi nyeupe.

Maisha yangu yote yalikuwa ndani ya kadre.

Nikasema basi tutoe maua, tutume tena. Haiwezekani. Jina likikataliwa, linafungiwa miezi sita. Ndani ya miezi sita Tatiana atakuwa anasema Kirunda, lugha ya kule Musumba, na atanisahau sura.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya, lakini imezaa kitu.

Rémy anapiga mluzi tangu asubuhi. Mtu anayepiga mluzi ana siri. Nilijiweka nyuma ya ukuta wa choo, nikajifanya natengeneza bati. Alikuwa anaongea kwa simu. Alimwambia mtu kwamba zile nafasi ni za kulala kambini, kwa hiyo wakubwa wanapenda selibateri, mtu asiye na mke wala mtoto, asiyeomba ruhusa kila mara mtoto akikohoa. Kisha akashusha sauti, sikusikia tena.

Inatosha! Sasa nina siri yake. Faida ya siri hiyo kwa mtu ambaye jina lake limefungiwa, bado sijaijua.

Odile ameanza kukunja nguo za Tatiana. Niliuliza kwa nini. Alisema nguo zikikauka zinakunjwa.

Jumapili, 14 Septemba

Mungu ni mkubwa, na anafanya kazi hata Jumapili!

Misani kulikuwa na ubatizo. Padre alimwita mtoto kwa majina yake matatu. Katekista akarudia, lakini akaanza na la mwisho. Mama wa mtoto akamsahihisha, akaanza na la katikati. Watu wote walijibu amina mara tatu, kwa mtoto yuleyule mmoja.

Nikashika benchi. Kule mashine ilikotoka mtu ana majina mawili, yana sehemu zake, hayahami. Sisi tuna matatu! Shuleni niliitwa Mulumba. Kwenye mpira niliitwa Ngoyi. Kanisani mi ni Tharcisse. Yote ni yangu, nimepewa kihalali, na hakuna sheria ya Mungu inayosema lipi litangulie.

Nilihesabu nyuma ya kitabu cha nyimbo. Majina matatu yanapangika kwa njia sita. Moja imeungua. Zimebaki tano.

Wakati wa kupeana amani nilimkumbatia Odile mpaka akauliza kama ninaumwa.

Jumanne, 16 Septemba

Kutwa nzima kwa Jessica. Aligoma kidogo. Alisema mtu mmoja hawezi kuomba kama watu watano. Nilimwambia serikali yenyewe ndiyo iliyonipa majina, amlaumu mwandishi wa kitongoji. Akafungua kompyuta.

Ili CV zisifanane, nilimpa kila mwenzangu maisha yake.

Mulumba Tharcisse Ngoyi: mtu mzima, watoto wanane, ametulia. Ngoyi Mulumba Tharcisse: alifanya kazi benki, Lubumbashi, wakubwa walilia alipoondoka. Ngoyi Tharcisse Mulumba: anasema Kichina. (Nimemwekea «kidogo», kwa unyenyekevu.) Tharcisse Mulumba Ngoyi: huyu ndiye silaha yangu. Kama roboti inataka maneno ya tangazo, basi ipewe tangazo! Nililinakili lote, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikalibandika chini ya jina.

Wa tano alikuwa wa kujaza idadi tu. Mi nilikuwa nimechoka kubuni, na Jessica amechoka na mi. Akaniambia nikae, nimsimulie nilifanya nini hasa kule kwa yule bwana wa kandarasi. Nikamsimulia, hivihivi. Kwamba kila mwisho wa mwezi nilikuwa nalinganisha orodha ya zamu na orodha ya mishahara mpaka zipatane. Kwamba nilikamata wafanyakazi hewa. Yeye akawa anachukua neno la tangazo linalofaa na kuliweka pale linapofaa. Bila kadre, bila picha. Ukurasa mmoja, mkavu. Nilimhurumia Tharcisse Ngoyi Mulumba. Mtu wa kawaida kabisa.

Ili kumpa nguvu kidogo, nilishika kompyuta mwenyewe. Siri ya Rémy! Palipoandikwa «ameoa, mtoto mmoja», nikafuta. Nikaandika «selibateri, hana mtoto».

Kidole kilisita. Nasema ukweli, kilisita. Chini yake tu kulikuwa na kiapo. Jessica aliuliza, bila kunitazama, kama kiapo kibaki. Nikasema CV bila kiapo si CV, watatuona wahuni. Kikabaki.

Nyumbani nilikula bukari, ule ugali wetu, sahani mbili. Odile aliniuliza siku ilikwendaje. Nikasema vizuri, nimekutana na watu.

Alhamisi, 18 Septemba

Vifo vinne.

Baba wa watoto wanane alikufa kabla ya saa sita. Mtu wa benki akamfuata. Mchina akakatwa wakati nanunua mkaa. Kila simu inapolia, Odile ananitazama. Nasema ni matangazo ya mtandao.

Wa nne, yule wa tangazo zima, ndiye aliyenidhalilisha. Jibu lake lilianza na «Mpendwa Madame». Nilikimbilia kwa Jessica. Alisoma tangazo, akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika. Kumbe mstari wa mwisho wa tangazo ulisema maombi ya wanawake yanatiwa moyo sana. Nami nililinakili lote. Roboti ikaelewa inavyoelewa.

Madame naye amekataliwa.

Amebaki yule wa kawaida. Hakuna jibu. Jessica anasema kimya ni dalili nzuri. Mi najua kimya. Ninaishi nacho nyumbani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeponea chupuchupu.

Simu ililia nikiwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, naenda Musonoi kumbembeleza baba mkwe. Sauti ya mwanamke ikauliza kama anaongea na bwana Ngoyi Mulumba. Nikasema hapana mama, umekosea namba. Nikakata.

Nikapita kona mbili. Ndipo nikashtuka! Nilimwambia kijana wa moto asimame, akasimama katikati ya barabara, kamyo ya mawe ikatupigia honi. Nikapiga simu. Nikasema samahani Madame, aliyepokea ni mdogo wangu, hana akili. Akasema sawa. Mahojiano Jumatatu asubuhi.

Tharcisse Ngoyi Mulumba ameitwa! Yuko hai! Namheshimu kuanzia leo.

Sikufika Musonoi. Nimerudi nyumbani, namfundisha mdomo wangu jina lake.

Jumatatu, 22 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, nisisahau kitu.

Kwanza mlango. Mlinzi alikuwa na orodha. Nikampa kadi yangu ya mpiga kura. Akasoma kadi, akasoma orodha, akasoma kadi. Kadi inasema Mulumba Ngoyi Tharcisse. Orodha inasema Tharcisse Ngoyi Mulumba. Alisema huyu na huyu si mtu mmoja. Nilimwambia ni sufuria moja, umeifunua kutoka upande wa pili. Hakucheka. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika. Mwishowe nilimwomba anionyeshe badji yake mwenyewe, kisha nikamwuliza mama yake anamwitaje. Alifikiri sana. Akanifungulia.

Ndani, kwenye benchi la kungojea, nani? Rémy Kitenge. Shati jipya. Tulisalimiana kama watu wanaodaiana. Mbele ya sekretari akaniuliza kwa sauti kubwa, mama Tatiana hajambo? Nikajibu kwamba dada yangu hajambo, aksanti. Rémy akanyoosha kola ya lile shati jipya. Akatazama viatu vyake. Sijui kwa nini hakunimaliza palepale. Mi ningemmaliza.

Madame Mushiya, mkubwa wa wafanyakazi, ana miwani na haharakishi. Aliuliza mambo ya kazi. Nilijibu. Yalikuwa mambo ambayo kweli niliyafanya, basi mdomo ulitembea wenyewe. Kisha akageuza kompyuta yake kidogo. Alisema jamaa yetu lazima ni kubwa, maana kuna Mulumba na Ngoyi na Tharcisse sita walioomba.

Nikasema ndiyo Madame, ni binamu.

Akasema wote wana namba moja ya simu.

Nikasema ndiyo Madame, maisha ni magumu.

Alivua miwani, akaifuta. « Na huyu Madame, naye ni binamu? »

Nikasema huyo ni shangazi. Alisomea ukubwani.

Aliandika kitu. Alisema watatuma mtu kuhakikisha makazi yangu, kisha watatoa jibu. Nilitoka. Nje jua lilikuwa lilelile, lakini nilikaa chini ya ule ukuta wa buluu muda mrefu kabla ya kutafuta moto.

Kuhakikisha makazi. Odile hajui kitu. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 24 Septemba

Sikumwambia jana. Nilitaka kungoja awe na furaha.

Leo nilikuwa kwa Jessica, natafuta habari za mshahara. Niliporudi, Odile alikuwa amekaa kwenye kizingiti, Tatiana mapajani. Uso wake ulikuwa umetulia sana. Alinisimulia kwa mpangilio. Alikuja bwana aliyevaa gilet ya kampuni, na karatasi mkononi. Aliuliza kama hapa ndipo anapoishi Tharcisse Ngoyi Mulumba. Odile akasema ndipo. Akauliza kama ni kweli ni selibateri, hana mtoto. Odile akaomba aione karatasi. Akaisoma yote mpaka chini, mpaka kiapo. Akamrudishia.

Niliuliza alimjibu nini.

« Nilimuambia ile uliandika, » alisema. « Nilimuambia eko anaishi yee peke, na mi nilikuya kufua tu. »

Nikapiga makofi! Niliruka! Nilimwambia wewe ni bibi wa dhahabu, umetuokoa, kazi tumeipata! Nilimnyanyua Tatiana juu.

Odile aliningoja nimalize. « Basi nimemaliza kufua, » alisema.

Nguo zilikuwa zimeshakunjwa tangu ile wiki. Hazikuchukua muda. Rémy mwenyewe ndiye aliyemwitia moto, na akabeba mfuko mpaka barabarani, bila kunitazama.

Amekwenda kwa baba yake. Nilimfuata mpaka kona. Nilimwambia ilikuwa hila ya kazi tu, maneno ya kudanganya mashine. Alijibu kwamba mashine haikukaa naye miaka minne. Nyumba inasikika kubwa. Kiatu kimoja cha Tatiana kimebaki chini ya meza.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeajiriwa.

Nimeandika neno hilo, nikalitazama. Lingekuja wiki mbili zilizopita ningelichora kwa rangi nyekundu.

Madame Mushiya alinipa karatasi za kusaini na badji. Picha yangu, jina langu lililogeuzwa, kamba ya buluu. Alisema wahasibu wasaidizi ni wawili, mi na mwingine. Alisema habari za binamu ameziacha, na nina bahati, CV yangu ilikuwa ya moja kwa moja, roboti iliipa alama za juu kwa ajili ya kazi niliyoifanya. Nikaona ni nafasi ya kujionyesha mjuzi. Nilisema bila shaka ilisaidia pia kwamba mi ni selibateri.

Alinitazama kwa mshangao. Roboti haisomi habari za ndoa, alisema. Hata yeye haziangalii. Wenye familia wanakaa kwao Kapata, basi la kampuni linawachukua asubuhi na kuwarudisha jioni, na bibi na watoto wanatibiwa hospitali ya kampuni. Wale wasio na familia ndio wanaolala kambini, kwa sababu hawana mtu wa kurudia.

Niliuliza kama mtu anaweza kubadilisha, tuseme, siku moja. Alisema kwa furaha: ukioa, leta cheti cha ndoa. Kipya. Kikiwa cha tarehe ya zamani, itakuwa uliapa uongo, na aliyeapa uongo anarudisha badji.

Nilimshukuru. Nilitembea mpaka mlangoni. Mlinzi alisoma badji, akaniambia sasa nimekuwa mtu mmoja. Nilitaka kumtukana, nikakosa nguvu.

Nilimfuta bure. Nilimfuta Odile bure kabisa.

Jumamosi, 27 Septemba. Siku ya posho, kama tunavyoiita hapa.

Nilipanda moto alfajiri kwenda Musonoi, badji shingoni juu ya shati. Ahadi ni ahadi. Baba mkwe alisema badji, badji hii hapa!

Kamyo ilikuwa imeshapakiwa: magodoro, mabati, mbuzi, friji isiyo na mlango. Odile alikuwa juu ya mizigo, kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Tatiana aliniona kwanza, akaniita Tata, yaani baba.

Tata Barnabé alivaa miwani. Alishika badji yangu bila kuivua shingoni, akanivuta mpaka tukawa uso kwa uso, akasoma kwa sauti ili dereva na majirani wasikie. Kisha akaiachia.

« Mukwe yangu anaitwaka Mulumba Ngoyi Tharcisse, » alisema. « Huyu wa hapa simujue. »

Nilisema baba, ni mi. Alijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema amesikia habari za kijana huyu. Ana kazi nzuri, hana bibi, hana mtoto, ameapa kwa heshima yake. Kijana kama huyo anakaribishwa. Kama anatafuta mke, binti yake yuko huru, kwa sababu karatasi imesema. Lakini vijana hawachukui binti ya mtu barabarani. Mvua zikikatika, aje Musumba na mzee wa kumsemea, na mbuzi, na koti la baba, na blanketi la mama. Mwanzo kabisa, kama hatujawahi kuonana.

Nilisema mahari nilishalipa! Alisema aliyelipa ni yule mwingine.

Watu walicheka. Dereva akawasha. Nilishika ubao wa kamyo, nikamwomba Odile ashuke. Nilimwambia nimekosa. Nililisema neno hilo, mbele za watu, wala halikuniua. Macho yake yalijaa. Nadhani angeshuka kama ningekuwa nimelisema Jumatano, badala ya kupiga makofi.

« Ukuye, » alisema. « Lakini ukuye na jina moja. »

Tatiana aliendelea kuita Tata mpaka kona. Nilimsikia babu yake akimwambia anyamaze, huyo ni mgeni.

Nilisimama pale mpaka vumbi likatua. Nimeapa, safari hii bila karatasi: jina moja. Mtu mmoja. Basi.

Alhamisi, 2 Oktoba. Kambini.

Chumba cha selibateri, vitanda sita. Niliingia na sanduku langu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amekaa mhasibu msaidizi wa pili, anakunja soksi. Rémy Kitenge. Baba wa watoto wanne.

Tulitazamana. Sasa najua kwa nini pale kwenye benchi alitazama viatu vyake.

Jioni, baada ya chakula, selibateri wote walitoka na simu zao, kila mmoja akatafuta ukuta wake. Nikawasikia. Mmoja anauliza kama homa imeshuka. Mwingine anaimba wimbo wa kulaza mtoto, kwa kunong'ona. Rémy alikuwa anamfokea mtu kuhusu hesabu za kuzidisha. Mi nilipiga Musumba. Mtandao haukupatikana. Nikapiga tena, nikabaki nimeshika simu sikioni ili wasidhani mi sina mtu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mungu hamtupi mtu wake!

Tangazo jipya ukutani, karibu na mahali pa chakula. Anatafutwa mhasibu kwa ofisi ndogo ya Kapata. Anarudi nyumbani kila siku. Nyumba ya kampuni, vyumba viwili, mlango mzima. Na mwishoni, kwa herufi nzito: awe mtu mwenye familia. Safari hii wameandika wenyewe!

Nikiwa na nyumba ile, Odile hatakuwa na sababu ya kukataa. Vyumba viwili! Nitaweka maua kwenye kadre ya mlango, mahali roboti haiwezi kufika.

Tatizo ni dogo. Majina yangu yote sita yamefungiwa au yameajiriwa. Nimefikiri kazini, nimefikiri kwenye foleni ya chakula. Rémy aliniuliza ninacheka nini. Nikafunika daftari kwa mkono, maana huyu anapenda kuchungulia.

Kipaimara! Askofu aliniwekea mkono kichwani nikiwa na umri wa miaka kumi na mbili, akaniita Boniface. Nilisahau kabisa. Sijawahi kulitumia, ni jipya kama lilivyotoka kanisani. Majina manne hayapangiki kwa njia sita. Nimehesabu mara mbili, nimemwomba hata Rémy akague hesabu bila kujua ni ya nini. Ishirini na nne!

Nimeshampigia Jessica. Akauliza nani ataandikwa kuwa shahidi wa tabia. Nikamwambia aandike Tharcisse Ngoyi Mulumba, mhasibu msaidizi wa kampuni hiyohiyo, anayemfahamu mwombaji tangu utoto na hajawahi kumwona akisema uongo. Madame Mushiya anajua sisi ni jamaa kubwa. Kiapo kibaki pale chini, kama kawaida.

Wala sijavunja ahadi. Odile aliomba jina moja. Ninaongeza jina moja tu.